Karani Aliponyamaza

Ninafundisha Historia katika shule moja ya upili ya kutwa, upande wa Lanet, na sioni. Nayataja yote mawili mapema ili tusisumbuane baadaye. Watu wakikutana nami mara ya kwanza hutaka habari za hilo la pili tu: lilianzaje, lilianza lini, na je, ndotoni naona? Ndiyo, ndotoni naona. Haya, tuendelee.

Macho yaliniondoka miaka minane iliyopita. Presha ya macho, akasema daktari, na kufikia siku aliyosema hivyo ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Wiki niliyotoka hospitalini, mama mkwe wangu alikuja kutoka Molo kutuona. Nikiwa nimelala chumbani nilimsikia jikoni akimwambia mwanawe, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa huyu mtu wa kupapasa kuta, utamlisha mpaka lini?" Nilikuwa nimepoteza macho, si masikio. Mume wangu alijibu kitu ambacho hakikufika chumbani. Mimi sikujibu siku hiyo. Nilijibu kwa miaka iliyofuata: nikajifunza fimbo, nikajifunza nukta nundu, nikajifunza kompyuta, nikarudi darasani, na kila mama mkwe alipotutembelea nilihakikisha amenikuta na kazi mkononi.

Laptop yangu ni ya mtumba na uzito wake ni kama jiwe la kusagia. Inatumia Linux, ule mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuufungua na kuurekebisha apendavyo. Watu hudhani niliuchagua kwa ubahili. Ni kweli, programu ya kulipia ya kuwasomea wasioona ilikuwa bei ya ng'ombe wa maziwa, nayo hii ilikuja bila hata shilingi. Lakini nimeipenda kwa sababu nyingine. Karibu kila kitu ndani yake kinaweza kuendeshwa kwa kuandika amri. Huhitaji kutafuta picha ya kubonyeza. Unaandika, inatii, na mimi baada ya miaka yote hii darasani napenda kitu kinachotii.

Ndani yake kuna sauti inayonisomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Inasoma Kiswahili kwa pua, bila kupumua. Naiita Karani, kwa sababu inasoma barua ya mapenzi na bili ya maji kwa sauti ile ile moja. Karani ndiye skrini yangu. Akinyamaza, usiniambie eti laptop ina tatizo dogo la sauti. Kwangu imekufa, hata kama kila mwenye macho anaiona inawaka.

Muhula mmoja naibu wa mwalimu mkuu, mtu mpole ambaye upole wake umenitesa sana, aliniita ofisini. "Madam," akasema, "mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ni mzigo. Tumefikiria mwalimu mwingine autunge, wewe upumzike. Na pengine muhula ujao alichukue darasa lenyewe, akusaidie." Kusaidiwa kwa namna hiyo nakujua. Leo unapokonywa karatasi, kesho darasa, kesho kutwa umewekewa kiti karibu na maktaba na kikombe cha chai, na watu wanakupita wakikusifu kwa moyo wako wa subira. Nikamwambia karatasi nitaitunga mwenyewe, nitaichapa mwenyewe, na itakuwa mezani pake Ijumaa saa nne asubuhi.

"Na isipofika?" akauliza, kwa upole ule ule.

"Isipofika mpe huyo mwingine. Na darasa pia."

Mdomo wangu una haraka kuliko mimi. Nilipofika kwenye ngazi nilikuwa nimeshajua nimeweka rehani kitu nilichokihangaikia miaka minane, lakini kurudi kuomba radhi si tabia yangu.

Jumatatu ya wiki hiyo mama mkwe alifika na nusu gunia la viazi. Mume wangu huendesha lori na alikuwa kwenye foleni ya mpakani Malaba. Watoto wetu walikuwa shule ya bweni. Tukawa sisi wawili tu nyumbani. Hatukuwa na ugomvi, mimi na yeye. Tuliishi kama majirani waliotenganishwa na ua: salamu, viazi, mvua imenyesha au haijanyesha. Ila safari hii kulikuwa na mambo madogo madogo. Akimimina chai alivuta pumzi kwa meno, sss, kama mtu aliyeungua kidogo. Mukimo wake, viazi vya kuponda na mahindi, ambao ukoo mzima huusifia, ulikuwa na maganda ndani. Nikajiambia uzee umemfanya mvivu, nikala na kunyamaza.

Kila asubuhi alikuwa akisoma Biblia sebuleni kwa sauti, na hapo ni lazima nimpe haki yake. Yeye ni msomaji wa neno kanisani kwao tangu mume wangu akiwa mtoto mdogo, na anasoma kama mtu anayekusimulia habari za jirani. Nilikuwa nakunywa chai jikoni nikimsikiliza kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho.

Jumatano alasiri nilikuwa nimemaliza maswali ya sehemu ya kwanza na nusu ya maswali ya insha. Karani akaniarifu kuwa kuna programu mpya za kuboresha mfumo, je, nizipokee? Mtu mwenye akili zake angengoja Jumamosi. Mimi nikasema ndiyo, maana mambo yalikuwa yakinyooka na mtu mambo yakimnyookea hujiona fundi. Laptop ikazipokea, ikaomba izimwe na kuwashwa upya. Nikaizima, nikaiwasha. Feni ikazunguka. Nikangoja Karani atoe salamu yake ya kuamka.

Kimya.

Sikuogopa, andika hilo. Nilipandisha sauti kwa kitufe. Nikachomeka earphone. Nikazima programu ya kusoma na kuiwasha tena kwa vitufe vitatu ninavyovijua kama jina langu. Nikafungua dirisha la amri na kuandika, bila kusikia hata herufi moja, amri ya kufungua sauti. Nikabonyeza, nikangoja. Nikaiandika tena polepole, nisije nikawa nimekosea herufi. Bado kimya, na nje lori zikinguruma kwenye barabara ya Nairobi kana kwamba zinanionyesha sauti ni nini.

Nikampigia fundi wa mjini Nakuru anayetengeneza kompyuta za shule.

"Linux?" akasema. "Madam, hiyo leta niifomati nikuwekee ile ya kawaida. Vitu vitafutika, lakini itaongea."

Nilimshukuru na kukata simu, na niliyoyasema baada ya kukata si maneno ya mwalimu. Karatasi ya mtihani ilikuwa humo ndani na si mahali pengine popote, kwa sababu mtihani hausambazwi kama picha za harusi. Jirani yangu ana macho mazuri na moyo mzuri zaidi, lakini binti yake yuko katika kidato hicho hicho cha nne, na laptop yangu ikiwashwa hufungua yenyewe kazi niliyoiacha, yaani kitu cha kwanza kwenye skrini ni mtihani wenyewe. Simu yangu pia huongea, na kamera yake inaweza kusoma maandishi. Nilipoielekeza kwenye skrini ilinitemea herufi zisizo na kichwa wala miguu. Mwishowe nikampigia mume wangu huko Malaba, nikamweleza.

"Si mama yuko hapo?" akasema. "Mama anasoma."

Mama anasoma, kweli. Nililala nalo hilo. Ningemwomba mtu yeyote Lanet nzima, hata yule askari wa langoni kwenye kambi ya jeshi, kabla ya kumwomba mama mkwe wangu anitazamie kitu. Lakini Ijumaa haikuwa inangoja kiburi changu kiishe.

Alhamisi asubuhi, wanajeshi walipokuwa wakipita barabarani na wimbo wao wa kukimbia, nilimngoja amalize sura yake.

"Mama," nikamwambia, "nina shida. Nahitaji macho yako."

"Macho yangu?"

"Saa moja tu. Unisomee kilichoandikwa kwenye kompyuta."

"Hiyo si ni Kizungu?"

"Soma tu vile herufi zilivyo. Maana niachie mimi."

Nikamweleza kuna nini mezani: karatasi, Ijumaa, darasa langu. Nilimweleza yote kwa sababu mtu huwezi kumwomba macho halafu umfiche unachotafuta. Nilisikia miwani ikitoka kwenye mfuko wake, kiti kikisogezwa, kisha pumzi yake ikigonga skrini, karibu sana. Nikafungua dirisha la amri likafunika mtihani, kisha nikafungua lile dirisha la kurekebisha sauti. Ndani yake kuna nguzo, moja kwa kila mlango wa sauti, na kila nguzo ina jina chini yake.

Tulianza vizuri ajabu. Alisoma neno moja tu, kwa matamshi ya darasa la saba la zamani, kila herufi ikipewa haki yake, nikatambua kuwa ni jina la sauti ya televisheni. Nikapiga meza kwa furaha. Kumbe zile programu mpya zilikuwa zimeitia laptop wazimu, ikadhani imeunganishwa na televisheni, ikaitanguliza njia hiyo. Amri zangu zote za jana zilikuwa zimekwenda kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikabadilisha njia.

"Sasa soma, Mama."

"Ma-ster," akasema. "He-a-dpho-ne. Spe-a-ker."

Hayo ndiyo majina niliyokuwa nayataka. Mlango mkuu, mlango wa earphone, na mlango wa spika. Nilitaka kumkumbatia, ila hatukuwa na mazoea hayo.

"Juu ya kila jina kuna kisanduku kidogo," nikamwambia. "Ndani yake kuna alama mbili. Hizo hujanisomea."

"Hizo hazisomwi."

"Kwa nini?"

"Ni kama namba za aya. Ukisimama kusoma neno, unasoma neno. Zile namba ndogo unaziruka. Nani atasimama mbele ya kanisa aanze kuhesabu, moja, mbili?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo mbele ya watu ilikuwa imemfundisha kuruka vidogo, na mimi kwa upande wangu ni mwalimu wa Historia, najua mazoea ya mtu yanavyomwongoza.

"Leo zisome," nikasema. "Zikiwa M mbili, mlango umefungwa, na ndiyo sababu hatusikii kitu. Zikiwa sifuri mbili, uko wazi."

Pumzi kwenye skrini. Kiti kililia kidogo.

"Sifuri mbili," akasema.

"Milango yote mitatu?"

"Yote."

Basi nikaamini. Milango iko wazi na hakuna sauti, kwa hiyo ugonjwa uko ndani zaidi, kwenye kile kipande cha programu kinachozungumza na kifaa chenyewe cha sauti. Nikaingia huko na vidole vyangu vyote kumi. Laiti ningekuwa na mikono kumi, maana vidole havikutosha. Nikazima huduma ya sauti na kuiwasha. Nikaitoa nzima na kuisakinisha upya, mama mkwe akiniambia mistari inapoacha kukimbia. Nikairudisha laptop kwenye toleo la zamani la mfumo, lile la kabla ya Jumatano, jambo ambalo vijana wengi wenye macho mawili hawajui kama linawezekana. Sijisifu, nasema tu. Kila nilipomaliza niliandika amri ya kujaribu spika, na kila mara tulikaa sisi wawili tukiisikiliza feni.

Saa nane mchana niliogopa. Nalisema wazi kwa sababu si jambo ninalolifanya mara nyingi. Nilikiona kile kiti karibu na maktaba, nikakiona hata kikombe. Nilisikia sauti ya naibu ikisema, "Si kosa lako, Madam," na kule kusema hivyo kwa upole ndiko kulikonichoma zaidi. Miaka minane nimewathibitishia watu, na ingetosha asubuhi moja kuonyesha walikuwa na haki.

"Tuanze upya," nikamwambia mama mkwe. Nikafungua tena dirisha la nguzo, nikabonyeza M kwenye mlango mkuu. Kitufe hicho hugeuza: kama mlango ulikuwa wazi unafungwa, kama ulikuwa umefungwa unafunguka. Liwe liwalo, alama lazima zibadilike.

"Zinasemaje sasa, Mama?"

"Sifuri mbili."

Nikabonyeza tena. "Na sasa?"

"Sifuri mbili."

Nikaondoa vidole kwenye vitufe. Kati ya mama mkwe na mashine, mmoja hakuwa anasema kweli, na mashine haina sababu ya kudanganya. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimefungua mdomo kumuuliza kama ananichezea, yeye akasimama na kusema, "Ngoja nilete chai," akaenda jikoni kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Nikasikia chai ikimiminwa. Kisha sss.

Na safari hii nikaijua. Ile ni pumzi yangu mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa giza nilivuta pumzi vile kila asubuhi, kwa sababu nilikuwa nikitia kidole ndani ya kikombe nijue kimejaa wapi. Maganda kwenye mukimo: hakuwa ameyaona. Na Biblia. Asubuhi tatu nimemsikiliza kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho, na sikusikia ukurasa ukifunuliwa hata mara moja. Alikuwa akisoma kutoka kichwani. Mimi, ninayejisifia masikio, nilikuwa nimesikia kila kitu na kutotambua lolote. Na kule mezani nilimpa majibu mawili, akachagua moja, kama mwanafunzi ambaye hakusoma na hataki mwalimu ajue.

Nisiwe mnafiki. Kilichonijia kwanza kilikuwa hasira, kwa sababu alikuwa amekula siku yangu nzima kwa aibu yake. Cha pili kilikuwa kibaya kuliko hasira: nilifurahi. Maneno yalikuja yenyewe hadi kwenye ulimi, yakiwa yamepangwa tayari, maana yalikuwa yamengoja miaka minane. Kumbe na wewe. Sasa wewe utalishwa mpaka lini? Ningeyasema, najijua. Lakini nilimsikia akirudi kwenye ukumbi mwembamba na kikombe mkononi, na mkono wa pili ukiteleza ukutani, polepole, ukitafuta mahali mlango ulipo. Sauti hiyo ya kiganja ukutani naijua kuliko ya moyo wangu. Maneno yakanishuka.

Aliweka kikombe mbele yangu.

"Mama," nikasema, "yale majina matatu uliyonisomea, una uhakika nayo?"

"Yale ni meupe, na nyuma yake ni buluu. Yale nayaona." Kisha akashtuka, akijisikia alichosema.

"Basi yanatosha," nikamwambia.

Na yalitosha. Nilikuwa nimepoteza siku nzima nikitaka kujua kama milango imefungwa au iko wazi, kumbe hilo halikuwa na haja. Amri ya kufungua haiulizi mlango ulikuwaje. Inachohitaji ni nyumba iliyo sahihi na jina la mlango, na yote mawili alikuwa amenipa asubuhi, katika dakika kumi za kwanza, kwa macho yale yale aliyokuwa akiyaonea haya. Nikairudisha njia ya laptop mbele ya ile ya televisheni, maana kusakinisha upya kulikuwa kumezigeuza tena. Nikaandika: Master, fungua. Headphone, fungua. Nikaandika ya tatu, Speaker, fungua, na kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe Karani akapasuka katikati ya neno, kwa pua yake ile, kwa sauti ya juu kabisa, maana vitufe vya sauti nilikuwa nimevipandisha hadi mwisho tangu Jumatano.

Mama mkwe aliruka kwenye kiti. Mimi nililia kidogo. Kidogo tu.

Nikafunga dirisha la amri, na Karani akaendelea moja kwa moja na kilichokuwa chini yake: "Swali la kumi na tisa nukta eleza sababu nne..."

"Huo ni mtihani," mama mkwe akasema, akasimama. "Huo si wangu." Akatoka nje, akaketi kwenye jua karibu na tangi la maji, na hakurudi ndani mpaka nilipomwita. Jua lilikuwa bado halijazama na karatasi ilikuwa imekamilika.

Ijumaa saa tatu na nusu niliiweka mezani kwa naibu, imechapwa pande zote mbili, na mwongozo wa kusahihishia juu yake. Nilimsikia akifunua kurasa, moja baada ya nyingine, na nikafurahia kila ukurasa.

"Nani amekuchapia, Madam?"

"Mimi."

"Na nani amekusomea?"

"Kompyuta. Mama mkwe wangu alinisaidia kuitengeneza iliponyamaza. Karatasi yenyewe alikataa hata kuisikia."

Akafunua tena. "Ni karatasi nzuri," akasema mwishowe. "Ni ngumu, lakini ni nzuri. Darasa ni lako." Sikumshukuru. Lilikuwa langu tangu zamani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe ameketi mezani, mahali pangu, laptop ikiwa imefungwa mbele yake. Hakukuwa na chai wala habari za mvua.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika. Darasa limebaki."

"Jana nilikudanganya."

"Najua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu chai."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Kisha akaniambia yote kwa mfululizo, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangusha. Ulikuwa mwaka wa pili tangu macho yaanze kumfifia. Kwanza ilikuwa kama ukungu wa asubuhi wa Molo, akafikiri ni miwani. Sasa anasoma kanisani yale aliyokariri ujanani, na Jumapili andiko likiwa lile asilolijua huumwa na kichwa na kubaki nyumbani. Hajamwambia mtu, hata mwanawe.

"Ningeanzia wapi kukwambia wewe?" akasema. "Baada ya yale maneno ya jikoni."

"Niliyasikia."

"Najua uliyasikia. Umenionyesha miaka minane. Kila nikifika hapa lazima nikukute na kazi mkononi, hata siku ya Krismasi. Nilikuwa naona."

Nilivuta kiti nikaketi kando yake.

"Jumatatu tunakwenda hospitali ya macho," nikamwambia. "Labda ni mtoto wa jicho tu, na huyo hutolewa. Usikae ukijihukumu kabla ya daktari."

"Tutakwenda." Nikasikia kucha zake zikigonga kifuniko cha laptop. "Lakini hii. Kama daktari hataweza. Mtu wa umri wangu anaweza kufundishwa?"

Nilifungua laptop. Karani akatoa salamu yake ya kuamka, naye mama mkwe akaitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia mgeni mlangoni. Nikashika kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia. Kwenye ncha kulikuwa na lengelenge dogo la chai, kwa hiyo nikatumia kile cha kushoto.

"Hapa katikati ya herufi kuna vijinundu viwili," nikamwambia, "kimoja kwa kila mkono. Ukivipata hivyo, herufi nyingine zote utajua ziko wapi. Tafuta."

Nilihisi kichwa chake kikiinama, miwani ikikaribia vitufe.

"Usiangalie, Mama," nikasema. "Papasa."

Akavua miwani, akaiweka mezani, akapapasa mpaka akakipata kijinundu.